Pembe ya Nne ya Ungwe

Ukiitafuta Ungwe kwenye ramani ya ukutani, huioni mpaka uondoe kidole chako. Wenyewe husema ni ndogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya mashariki, wa magharibi humjibu, "Afya!" Imezungukwa pande zote na Dola ya Tandavu, ambayo iliimeza zamani bila kuitafuna, na ndiyo maana haikuwahi kusagika.

Saumu Chande alifika huko kikazi. Alikuwa mpima ardhi, mjane wa miaka hamsini na minne, mzaliwa wa pwani, mrefu, mwenye sauti ya chini na tabia moja iliyowaudhi watu wengi: akiambiwa jambo, alilipima kwanza. Mkobani mwake mlikuwa na barua ya Serikali ya Ungwe, na barua yenyewe ilisema hivi: "Tumekusudia kujitawala Ijumaa ya tatu ya mwezi huu, saa tatu asubuhi. Dola ya Tandavu imekubali, kwa sharti lililomo katika Mkataba wa zamani, kwamba tuonyeshe pembe nne za nchi yetu, zipimwe na mgeni asiye na upande. Tafadhali uje na vifaa vyako. Vyetu bado vinatarajiwa."

Mpakani alipokewa na mwanamume wa makamo aliyevaa sare iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Kifuani palishonwa maneno: Afisa Uhamiaji Mtarajiwa. Alikifunua kitabu cha safari cha Saumu, akatafuta ukurasa mtupu, akainua ngumi juu, akaishusha kwa nguvu.

"Pa!" akasema.

Saumu akautazama ukurasa. Ulikuwa mtupu vilevile.

"Mhuri uko wapi, baba?"

"Unajadiliwa, mama. Wako wanaotaka uwe na tai, wako wanaotaka uwe na jongoo, kwa sababu tai hatuna. Kwa sasa tunagonga kwa mdomo."

"Na mtu akitoka?"

"Akitoka tunagonga mara mbili."

Hapo Saumu akaanza kulizoea neno "mtarajiwa". Ungwe ilikuwa imejiandaa kujitawala kwa miaka kumi na saba, na katika muda huo ilikuwa imekwisha gawana vyeo vyote, vikabaki vitu vyenyewe. Alikuwapo Jenerali Mtarajiwa, aliyewakagua kila Jumamosi askari watarajiwa, yaani uwanja mtupu. Walikuwapo kina mama watatu, kila mmoja akijiita Mke wa Rais Mtarajiwa, ingawa rais mwenyewe alikuwa hajapatikana. Wakikutana sokoni walisalimiana kwa ncha za vidole.

Hoteli ya Taifa nayo ilikuwa tarajiwa, kwa hiyo Saumu akapangiwa kulala nyumbani kwa mwanamke aitwaye Nyamizi, mfinyanzi wa vyungu, mwenye umri kama wa miaka arobaini, mikono minene kama ya mpiga makasia na mdomo usiokaa bila neno. Mchana ule Nyamizi alimwandalia ugali na mlenda na maharage. Ugali uliletwa kwenye sahani nyeupe yenye picha ya jumba la kifalme la Tandavu.

"Karibu, dada. Kula mpaka ulione jumba," Nyamizi alisema. "Sisi ndivyo tunavyojua tumeshiba."

"Sahani hizi zinatengenezwa wapi?"

"Tandavu. Ila udongo ni wetu."

Akamweleza. Kila Jumatatu mikokoteni ilishuka Tandavu ikiwa imejaa udongo wa Ungwe, udongo mwekundu laini usio na mfano. Kila Alhamisi ilipanda ikiwa imejaa sahani. Kisha Bunge Tarajiwa likapitisha Sheria ya Heshima ya Meza, inayokataza mgeni kupewa chakula katika chombo kilichofinyangwa Ungwe, kwa kuwa chombo cha nyumbani kinaliaibisha taifa mbele za watu. Toka siku hiyo vyungu vya Nyamizi vilikaa uvunguni mwa kitanda, kumi na tisa, kama wakimbizi.

"Kwa hiyo mnauza udongo, mnanunua sahani."

"Zikivunjika tunanunua nyingine. Na zinavunjika, dada! Wanazichoma nusu nusu makusudi." Akaigonga sahani kwa ukucha. "Sikiliza. Chombo kilichoiva hulia. Hiki kinakohoa."

Saumu naye akaigonga. Ikakohoa kweli.

"Mbona hamsemi?"

Nyamizi akageuka kutazama mlango kwanza. "Tungesema, lakini iko sheria. Bunge lilichoshwa na watu waliokuwa wakiinuka kila mara na kuuliza, 'Tukijitawala tutakula nini?' Ikapitishwa kwamba yeyote atakayeliuliza swali hilo haruhusiwi kukaa mpaka alijibu yeye mwenyewe. Sasa ni mwaka wa sita, halijaulizwa. Wakubwa wanasema hiyo ni dalili kwamba wananchi wameridhika."

Kesho yake Saumu alikwenda kujitambulisha bungeni. Alikuta wabunge arobaini na mmoja wanajadili sarafu ya taifa, na hasa ni uso wa nani utakaochorwa juu yake. Kila mmoja alikuwa amekuja na picha ya babu yake. Mabishano yalipofika mahali pa kuvuana kofia, mmoja akatoa shauri kwamba sarafu iachwe tupu, na kila raia akiishika amfikirie babu yake mwenyewe. Shauri likapita kwa kauli moja, la kwanza kupita hivyo tangu Bunge lianze, na wabunge wakakumbatiana.

Akainuka Waziri Mtarajiwa wa Bahari, Bwana Kasanzu, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akawasilisha muswada wa kulinda nyangumi.

"Mheshimiwa Spika!" mbunge mmoja akapiga kelele. "Nchi hii haina bahari!"

"Mwenzangu," Kasanzu akajibu kwa upole, "nchi yenye bahari haihitaji waziri, maana bahari iko, inajiendea. Sisi tusiokuwa nayo ndio tunaohitaji mtu wa kuishughulikia."

Akapigiwa makofi mengi. Lakini kikao kilipovunjika alimfuata Saumu nje, akamvuta pembeni.

"Mama, nimesikia wewe ni mtu wa pwani. Ni kweli ina chumvi?"

"Kweli, mheshimiwa."

"Yote?"

"Yote."

Kasanzu akatoa daftari, akaandika polepole. Kisha akainua macho, nayo yalikuwa na aibu kidogo. "Nimeishikilia wizara hii miaka kumi na saba. Wewe ndiye mtu wa kwanza niliyepata kumwuliza."

Saumu alikuwa amejiandaa kumcheka, akashindwa. Akamweleza habari za kupwa na kujaa, na mzee yule akasikiliza kinywa wazi.

Aliyempa Saumu kazi rasmi alikuwa Bwana Ndolezi, Waziri Mkuu Mtarajiwa, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa Bodi ya Udongo. Alikuwa mfupi, msafi, mpole, mtu anayekushika mkono kwa mikono miwili.

"Pembe zetu zinajulikana, Mama Mpima," alisema. "Jiwe la Fisi, Kijito cha Mbayuwayu, Ukuta wa Wazee, na Kilima cha Ngao. Hapa pana kazi ya kuthibitisha tu."

"Mimi sithibitishi, mheshimiwa. Mimi napima."

Ndolezi akacheka, kama mtu anavyocheka akiwa hakusikia vizuri.

Pembe tatu za kwanza zilimchukua Saumu siku mbili. Serikali haikuwa na wasaidizi, kwa hiyo Nyamizi ndiye aliyembebea vigingi na nyundo, huku akimsimulia kila nyumba waliyoipita. Jiwe la Fisi lilikuwapo. Kijito kilikuwapo, chembamba lakini kinatiririka. Ukuta ulikuwa umelala upande mmoja, lakini misingi yake ilikuwa palepale.

Siku ya tatu, asubuhi, Saumu alisimamisha kipimio chake chenye darubini juu ya miguu yake mitatu, akakielekeza upande ambao karatasi zilisema kuna Kilima cha Ngao, akatia jicho. Akaona mawingu. Akafuta kioo kwa ncha ya khanga, akatia jicho tena. Akaona mawingu yaleyale, yamesogea kidogo.

"Nyamizi, wewe ulikiona lini mara ya mwisho kilima hiki?"

"Mimi? Toka walipoweka lango siruhusiwi kusogea. Wafinyanzi tunaitwa waharibifu wa udongo."

Wakaenda kwa miguu. Walifika kwenye lango la chuma, na mbele yake kibanda, na mbele ya kibanda mlinzi mzee aitwaye Shigela, amesimama wima, viatu vinang'aa. Alipiga saluti.

"Shikamoo, mzee," Saumu alisema. "Tumekuja kukiona Kilima cha Ngao."

"Marahaba, mwanangu. Ndicho hiki." Akafungua lango, akanyoosha mkono.

Lilikuwa shimo. Lilikuwa shimo kubwa kuliko yote ambayo Saumu alipata kuyaona, na kina chake hata minazi mitatu iliyobebana isingechungulia nje. Chini kabisa, palipotuama maji, bata wawili walikuwa wanaogelea.



"Mzee Shigela," Saumu akaanza taratibu, "hili ni shimo."

"Ni kilima, mwanangu. Kwa jina. Nimekilinda miaka ishirini na miwili na hakuna mwizi aliyepata kuchukua hata kiganja kimoja. Kila kilichotoka hapa kilitoka na kibali." Akaingia kibandani, akatoka na sanduku, akalifunua. Vibali vilijaa mpaka juu, vimepangwa kwa tarehe, na kila kimoja kilikuwa na sahihi ya Bwana Ndolezi.

"Hukuona kwamba kinapungua?"

"Niliona. Nikaandika barua. Nikajibiwa kwamba kazi yangu ni kulinda, si kupima."

Nyamizi akaanza kucheka. Alicheka akajishika mbavu, akacheka akakaa chini, machozi yakamtoka, na baada ya kitambo Saumu akatambua kwamba kicheko kilikuwa kimekwisha zamani na machozi bado yanatoka.

"Bibi yangu alichimba hapa kwa mikono," Nyamizi alisema. "Kila akitoa viganja viwili, kimoja anakifinyanga, kimoja anakirudisha. Tulimwona mjinga. Dada, nchi yetu tumeipakia kwenye mikokoteni tukaenda kuipungia mkono."

Habari za shimo zilimtangulia Saumu mjini. Kesho yake, chai ilikuwa bado ya moto, Bwana Ndolezi akabisha hodi, nyuma yake mtu amebeba seti ya sahani mpya kwa ajili ya mgeni.

"Mama Mpima, tusaidiane. Andika kwamba kilima kipo, ila kimeinama."

"Kimeinama mpaka wapi?"

"Mpaka chini. Kwa heshima."

"Mheshimiwa, kina bata."

Ndolezi akaketi. Sauti yake ilipotoka haikuwa tena ile ya mikutanoni. "Mimi nilikuwa nafanya ninavyoweza. Walimu walitaka madaftari, wagonjwa walitaka dawa, na sisi hatukuwa na kitu cha kuuza ila hicho. Kila mwaka nilisema, tukijitawala tutaacha. Watu hawa wamengoja, mama. Baba yangu alikufa akingoja. Utawanyima Ijumaa yao kwa sababu ya rundo la udongo?"

Saumu alimrudishia sahani zake tu.

Alasiri akaja mtu wa pili, Bwana Bundala, Mwakilishi wa Dola ya Tandavu, mnene, mchovu, mwenye kijiko chake mwenyewe mfukoni, maana hakuwahi kuviamini vijiko vya Ungwe.

"Mimi sikuombi uongo, bibi," alisema. "Andika ukweli mtupu. Pembe ni tatu. Mkataba unataka nne. Basi nchi hakuna, na mambo yanaendelea kama yalivyo. Tena ofisi yetu ya ramani ina kiti kizuri kinachokosa mtu."

"Lakini kilima mmekichukua nyinyi."

"Tumekinunua. Mtu akikuuzia mlango wake, si kosa lako akipigwa na baridi."

Alipoondoka, Saumu alibaki ameshika tama. Mmoja alimtaka aseme uongo ili watu wapate haki. Wa pili alimtaka aseme kweli ili watu waikose. Katika miaka thelathini ya kupima viwanja vya watu wagomvi, ndugu na ndugu, msikiti na jirani yake, hakupata kubanwa namna hii.

"Ungekuwa wewe ungefanyaje?" alimwuliza Nyamizi.

"Mimi? Udongo ukinisumbua, narudi kuukanda."

Kesho yake Saumu akaamka mapema, akaenda kwenye ofisi ya nyaraka, akaomba aonyeshwe Mkataba wenyewe. Karani alishangaa. Kila mtu nchini alikuwa akiutaja Mkataba, lakini yeye alikuwa hajawahi kuombwa aulete. Akaufuta vumbi. Saumu aliusoma neno kwa neno mpaka adhuhuri, na alipofika kwenye pembe ya nne, akausoma mstari ule mara tatu, akaunakili kwenye daftari lake, akaufunga Mkataba kwa adabu.

Alhamisi, siku moja kabla ya siku yenyewe, Bunge lilijaa mpaka madirishani. Bundala alikaa kiti cha wageni. Nyamizi alikuwa nyuma pamoja na wananchi, ana kikapu miguuni.

Saumu alisoma taarifa yake bila kuipamba. Jiwe lipo, kijito kipo, ukuta upo. Kilima hakipo, mahali pake pana shimo, na vibali vyote vya kukichimba vimehifadhiwa vizuri.

Ukumbi ukalipuka. Mbunge mmoja alitaka zinunuliwe sahani zote zilizotengenezwa kwa udongo ule, zirundikwe zirudi kuwa kilima. Mwingine akauliza kama nchi haiwezi kusogezwa kidogo, ipate kilima cha jirani. Jenerali Mtarajiwa alipendekeza vita, akakumbushwa kuhusu jeshi. Bundala alikuwa amekwisha kusimama na kofia mkononi.

"Sijamaliza," Saumu alisema.

Wakamgeukia.

"Nimeusoma Mkataba. Hautaji kilima. Unasema hivi: 'Pembe ya nne ni pale paitwapo Ngao, mahali ambapo mgeni hawezi kupita bila kupaona.' Pembe ni mahali, waheshimiwa, si kimo. Nami ni mgeni, nimepita pale, na naapa kwamba haiwezekani usipaone. Mtu asipopaona, atatumbukia. Nimepiga kigingi ukingoni. Kwa vipimo vyangu, pembe za Ungwe ni nne."

Bundala akairudisha kofia mezani. Alikuwa mtu wa sheria, na sheria ilikuwa imemgeukia. "Hewala," alisema baada ya kufikiri. "Dola haibishani na kipimo. Lakini Mkataba unataka hati iandikwe kwa maneno ya wazi. Basi iandikwe hivi: Pembe ya nne ni shimo, lililochimbwa na Waungwe wenyewe. Itiwe sahihi na yule aliyeuza. Na kwa kuwa nchi huru hujitengenezea vyombo vyake, kuanzia kesho mikokoteni ya sahani haipandi."

Hapo ndipo Saumu alipowaona Waungwe katika ufundi wao. Kwa saa nne walijadili neno moja. Hakuna aliyekataa uhuru. Walikataa neno "shimo". Mmoja alitaka liitwe kilima cha chini. Mwingine, bonde la heshima. Wa tatu, msomi, akapendekeza "mwinuko hasi", akaombwa afafanue, akazidi kuwapoteza. Kasanzu aliinuka akasema kwamba kwa kuwa chini kuna maji na yana bata, lipo jina zuri zaidi, lakini macho ya Saumu yalikutana na yake, akajirekebisha. "Hapana," akasema. "Hayana chumvi." Akakaa. Bundala alikuwa akitikisa kichwa kwa kila jina. Jua lilikuwa linaegemea.

Kule nyuma Nyamizi akasimama. Hakuinua mkono, hakuomba ruhusa.

"Tutakula nini?" akauliza.

Ukumbi mzima ukageuka. Karani wa Bunge akafungua kitabu cha sheria, akasoma kifungu: aliyeuliza asikae mpaka ajibu.

"Sina haraka ya kukaa," Nyamizi alisema. "Tutakula ugali, kama jana. Mahindi tunalima wenyewe, maharage tunalima wenyewe. Miaka yote hii mmeliogopa swali lisilo na meno. Tulichokuwa tunanunua si chakula, ni pa kukilia."

Akainama kikapuni, akatoa chungu, cheusi, kimeng'arishwa kwa jiwe, akakigonga kwa kidole. Sauti yake ilikwenda mpaka ukutani ikarudi.

"Mwanamke huyu amevunja Sheria ya Heshima ya Meza!" mtu akapiga kelele.

"Nimeivunja mara kumi na tisa. Ndivyo vyungu nilivyo navyo, na sisi ni watu elfu nne. Sitawadanganya. Mwezi wa kwanza mtakula kwa zamu, na wengine kwenye majani ya mgomba. Mwezi wa pili, mkinipa watu thelathini wanaokubali kuchafuka na tanuri moja la maana, mtakuwa na vyungu vya kutosha na bakuli. Sahani nyembamba siziwezi bado. Nitajifunza. Na udongo uliobaki haushuki tena kwa mikokoteni."

"Na ukishindwa?" aliuliza Ndolezi. Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua.

"Nikishindwa, mheshimiwa, nitakuwa nimeshindwa nikiwa na udongo mkononi."

Nyamizi akakaa. Kwa mujibu wa sheria alikuwa amejibu, na hakuna aliyejua la kufanya na mtu aliyejibu.

Hati ikawekwa mezani. Neno "shimo" lilikuwa limeandikwa waziwazi, na chini yake mstari mtupu. Bwana Ndolezi alisogea, akachukua kalamu. Saumu alikuwa amesimama karibu naye.

"Nikiweka sahihi," alisema kwa sauti ndogo, kama anayemwambia mtu mmoja, "watoto wa shule watasoma kwamba mimi ndiye niliyeuza kilima."

"Watasoma," Saumu akamjibu.

"Je, nikikataa?"

"Hawatasoma kitu, kwa kuwa kitabu hakitakuwapo."

Ndolezi akawatazama watu madirishani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Aliyasoma maneno ya hati kwa sauti, yote, hata lile moja. Alipofika kwenye "aliyeuza" akasimama, akatia jina lake kamili, na jina la baba yake, ndipo akaweka sahihi. Akaishusha kalamu, akabaki ameinamisha kichwa, kama mtu anayengoja kofi.

Kofi halikuja. Mtu mmoja dirishani akaanza kupiga vigelegele, mara wakaitikia wote, wake kwa waume, na wale wake watatu wa rais wakajikuta wameshikana mikono kabla hawajakumbuka kuachana.

Ijumaa saa tatu asubuhi Ungwe ikajitawala. Wimbo wa taifa ulikuwa bado una ubeti mmoja wenye ugomvi, kwa hiyo walipofika pale watu waliguna tu mpaka ukapita. Kilichofuata kilikuwa karamu uwanjani. Vyungu kumi na tisa vilipangwa mstari, watu elfu nne wakapokezana, na waliokosa nafasi wakala kwenye majani ya mgomba. Wengi waliungua vidole, kwa kuwa chungu hutunza joto kuliko sahani na walikuwa wamesahau. Shigela alikula amesimama. Kasanzu alimaliza maharage yake, akatazama ndani kutafuta picha, akakuta udongo mtupu, akaomba aongezewe.

Mchana uwanja ulikuwa mchafu ajabu. Majani ya mgomba yalitapakaa mpaka barabarani, na inzi wakaanza kuja kwa makundi. Hapo ikagundulika kwamba wafagiaji wote wa mji walikuwa waajiriwa wa Tandavu na walikuwa wameondoka jana yake pamoja na Bundala. Ufagio mmoja ulibaki, umeegemezwa kwenye nguzo ya bendera.

Watu wakauzunguka. Mmoja akasema hiyo ni kazi ya Wizara ya Afya. Waziri wa Afya akasema ni ya Wizara ya Barabara, kwa kuwa majani yamevuka. Ikapendekezwa iundwe kamati, na majina yakaanza kutajwa.

Saumu alikuwa pembeni anafunga vifaa vyake. Alimwona Bwana Ndolezi akitoka katikati ya kundi, amevaa suti yake ya sherehe, akauchukua ufagio. Alianza kufagia amesimama wima, kwa kuurusha huku na huku kama anayefukuza nyuki, na majani yakaruka yakarudi palepale. Watu wakaacha kutaja majina.

"Inama, Waziri Mkuu," Nyamizi akamwambia, mikono yake bado imejaa masizi. "Huo ni wa makuti, haufagii mtu akiwa wima. Inama."

Ndolezi akavua koti, akakosa pa kuliweka, akampa Kasanzu alishike. Akainama. Safari hii majani yakakusanyika. Akafagia mstari mmoja, akarudi akafagia wa pili, jasho likimdondoka puani, mpaka akafika pale Saumu aliposimama. Saumu akainyanyua miguu mitatu ya kipimio chake, apate kupita.